Ziwa Halitibiwi kwa Ndoo ya Samaki



Katika ukurasa wetu wa mafunzo mwezi huu tumechagua somo ambalo huenda wengine watasema halituhusu: habari za ziwa moja la samaki huko Uskoti. Lakini tusiharakishe kusema hivyo. Sisi tunaokaa miguuni pa milima ya Nyandarua twamjua samaki aitwaye trauti. Tumemwona katika maji baridi ya mto Gura, mwenye madoa ubavuni, akisimama kinyume cha mkondo kama mtu anayengoja mgeni. Samaki huyu si mwenyeji wetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka ziwa la Uskoti liitwalo Loch Leven, nao wakatiwa katika mto Gura. Neno "loch" kwa lugha ya Waskoti maana yake ni ziwa.

Basi trauti wa Gura wana kwao, na huko kwao yametukia mambo ambayo yatufaa tuyajue. Ziwa lile liliugua. Watu wakajaribu kulitibu kwa kulitia samaki zaidi na zaidi, lakini ugonjwa haukupona. Baadaye wakatambua ya kuwa ugonjwa haukuanzia katika samaki, wala haukuanzia katika ziwa. Ulianzia juu, katika viwanda, vyoo na mashamba. Tena hata walipouziba mlango wa ugonjwa, ziwa lilichukua miaka mingi kabla ya kupona. Habari hizi zinajulikana vizuri kwa sababu wataalamu wamekuwa wakipima maji ya Loch Leven tangu mwaka 1968, na ni maziwa machache duniani yaliyoangaliwa kwa muda mrefu namna hiyo.

1. Ziwa lenyewe

Loch Leven liko karibu na mji mdogo wa Kinross, kaskazini ya Edinburgh. Eneo lake ni kilomita za mraba 13 na kidogo. Mtu akiliona kwa mbali hudhani ni refu la kutisha, kumbe sivyo. Yako mashimo mawili yenye kina cha mita 20 na zaidi, lakini kwa wastani kina chake hakifiki mita 4. Sehemu kubwa ya ziwa hilo ni kama sahani pana iliyojaa maji.

Katika visiwa vyake mna historia. Kisiwa kimoja kilikuwa na nyumba ya watawa tangu zamani sana. Katika kisiwa kingine iko ngome ambamo Maria, Malkia wa Uskoti, alifungwa mwaka 1567, akatoroka kwa mashua mwezi wa Mei mwaka 1568. Wakati wa baridi bata bukini kwa maelfu huja kutoka Iceland kulala juu ya maji hayo. Mwaka 1964 ziwa lilifanywa hifadhi ya taifa.

Lakini lililolipa ziwa sifa duniani ni trauti wake. Kwa kuwa maji ni ya kina kifupi, jua hupenya na chakula huwa tele, hivyo samaki walinenepa upesi. Wavuvi wa ndoana walitoka mbali kuja kuvua kutoka katika mashua, wakitumia chambo cha manyoya kilichofungwa mfano wa nzi. Mwaka 1960 peke yake walivua trauti zaidi ya 80,000. Mayai ya samaki hao yakapelekwa nchi nyingi, na ndiyo sababu wakatufikia hata sisi.

Yafaa tukumbuke pia ya kuwa mkono wa mtu ulikuwa umekwisha kuligusa ziwa hili zamani. Katika miaka ya 1830 ulichimbwa mfereji mpya wa kutolea maji na kuwekwa malango, ili wenye viwanda vya chini wapate maji kwa kipimo na wenye mashamba wapate ardhi. Usawa wa maji ukashuka kwa zaidi ya mita moja, na ziwa likapoteza kama robo ya eneo lake. Samaki mmoja, jamaa ya trauti apendaye maji ya baridi kali, hakuonekana tena baada ya miaka hiyo. Alikwenda bila kelele, wala hakuna aliyemrudisha.

2. Trauti ahitaji nini?

Kabla ya kusema ziwa ni gonjwa au ni zima, hatuna budi kujua mwenye nyumba ahitaji nini. Trauti ahitaji mambo manne.

La kwanza ni maji ya baridi. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi, trauti wa kahawia huanza kutaabika, na yakikaribia nyuzi 25 maisha yake yamo hatarini.

La pili ni hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Jambo hili limefungamana na lile la kwanza. Lita moja ya maji ya nyuzi 10 yaweza kushika oksijeni kama miligramu 11, lakini maji ya nyuzi 20 hushika kama miligramu 9 tu. Kwa hiyo wakati wa joto, samaki ahitajipo hewa zaidi, ndipo maji huwa na hewa kidogo zaidi.

La tatu ni chakula: mabuu ya nzi wa majini, konokono, kamba wadogo, na vijidudu wanaoelea.

La nne ni mahali pa kuzalia. Trauti hazai katikati ya ziwa. Majira ya baridi yakikaribia, hupanda katika vijito vinavyoingia ziwani, na jike huchimba kitanda katika changarawe safi, akataga mayai na kuyafunika. Mayai hukaa humo miezi kadhaa, yakipumua kwa maji yanayopita kati ya mawe. Kijito kikichafuka kwa udongo uliomomonyoka shambani, tope laini huziba nafasi za changarawe na mayai hufa kwa kukosa hewa. Kwa hiyo mkulima alimaye hadi ukingoni mwa kijito aweza kuua samaki wa ziwa ambalo hajapata kuliona.

3. Nani humla nani?

Ndani ya maji kuna mimea ya namna mbili. Iko mimea yenye mizizi, ambayo huota chini na kuwa maficho ya samaki wachanga na wadudu. Tena uko mwani, mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho mmoja mmoja, inayoelea na kuyapa maji rangi ya kijani.

Mwani huliwa na vijidudu. Aliye hodari kupita wote ni dafnia, mdogo kama punje ya mtama au chini ya hapo, anayerukaruka majini kama kiroboto. Dafnia huchuja maji mchana na usiku, akila mwani. Wakiwa wengi, maji hutakata. Naye dafnia huliwa na samaki: samaki wachanga, samaki aitwaye pachi, na trauti mwenyewe.

Tuangalie basi mzani huu. Dafnia wakipungua, mwani huongezeka. Mwani ukiongezeka, maji hutiwa giza. Giza likiingia, mimea yenye mizizi hukosa jua na kufa. Mimea ikifa, wadudu na samaki wachanga hukosa makao, na tope la chini hukosa cha kulishika, kwa hiyo kila upepo huvuruga maji. Mwani nao ukifa huzama na kuoza, na kuoza hula oksijeni. Ndivyo jambo moja liletavyo jingine, kama nyumba inayobomoka kwa kuondolewa nguzo moja.

4. Ugonjwa ulivyoingia

Mwani, kama mahindi, wahitaji mbolea. Mbolea iliyo adimu katika maziwa mengi ya namna hii ni fosforasi. Ikiwa kidogo, mwani hujizuia. Ikiwa nyingi, hauna wa kuuzuia: kilo moja tu ya fosforasi yaweza kukuza mamia ya kilo za mwani mbichi.

Katika Loch Leven fosforasi iliingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa kiwanda cha sufu kilichotumia dawa zenye fosforasi na kumwaga maji yake mtoni. Mlango wa pili ulikuwa maji machafu ya miji na vijiji, yenye kinyesi na sabuni za kufulia. Mlango wa tatu ulikuwa mashamba, kwa maana sehemu kubwa ya ardhi inayolizunguka ziwa ni ya kilimo, na kila mvua kubwa hushusha udongo wenye mbolea. Mwaka 1985 wapimaji walikuta ya kwamba fosforasi iliyoingia ziwani kwa mwaka mmoja ilikuwa kama tani 20.

Hilo halikuwa pigo la pekee. Kabla ya hapo sufu ilikuwa ikitiwa sumu kali iitwayo dieldrini ili isiliwe na nondo, mpaka mwaka 1964. Wataalamu walipoanza uchunguzi wao katika miaka ya 1960, dafnia hakuwapo. Wengi wamehusisha kutoweka kwake na sumu hiyo. Alirudi karibu na mwaka 1970. Basi kwa miaka kadhaa ziwa lilikuwa likilishwa mbolea kwa wingi, na mfagiaji wake mkuu hayupo. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 mimea yenye mizizi iliweza kuota mpaka kina cha mita moja na nusu tu. Chini ya hapo palikuwa giza.

Wavuvi waliona mambo hayo kwa njia yao. Hawakupima fosforasi, walihesabu samaki, na hesabu ikashuka mwaka hata mwaka.

5. Ndoo za samaki

Mtu aonapo samaki wamepungua, wazo la kwanza ni lipi? Ni kuongeza samaki. Ndivyo ilivyofanyika. Katika miaka ya 1980 walianza kupandikiza trauti wa kahawia waliokuzwa katika vituo vya kutotolea vifaranga. Mwaka 1993 wakaongeza trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Marekani ya magharibi, na ambaye hukua upesi na kushika ndoana kwa urahisi. Aliendelea kutiwa ziwani mpaka mwaka 2004.

Tusiwalaumu kupita kiasi. Wenye mashua walikuwa na watumishi wa kulipa, na hoteli za mji zilitegemea wavuvi. Mvuvi aliyelipa ada yake alitaka kurudi na kitu mkononi. Tena kupandikiza samaki si dhambi. Hata kwetu kituo cha Kiganjo kimetotoa trauti wengi wa kutiwa mitoni na mabwawani, na familia nyingi zimekula kwa kazi hiyo.

Lakini yatupasa kuuliza: samaki akitiwa katika maji magonjwa, anaponya nini? Hapunguzi fosforasi hata chembe. Haongezi hewa; huitumia. Akimla dafnia, humwondoa yule anayesafisha maji, na mwani hupata nafasi. Humnyang'anya trauti mwenyeji chakula. Na samaki aliyelelewa bwawani kwa chakula cha kutupiwa, mara nyingi hajui kujilinda kama yule aliyezaliwa katika kijito, kwa hiyo wengi huishia kinywani mwa paiki au mdomoni mwa ndege.

Hapo ndipo lawama ikamwangukia mnandi, yule ndege mweusi anayepiga mbizi. Ni kweli mnandi hula trauti, na wataalamu wamelichunguza jambo hilo katika ziwa hili. Lakini mnandi na trauti wameishi pamoja tangu zamani. Kumlaumu ndege ni rahisi kuliko kulichungulia bomba la maji machafu la nyumba yako mwenyewe.

6. Jumamosi ya utando

Tarehe 13 Juni 1992, siku ya Jumamosi, ziwa lilisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Mwani wa rangi ya buluu na kijani ulipanda juu na kutanda kama rangi nzito iliyomwagwa. Watu wa Kinross waliikumbuka siku hiyo kwa jina la Jumamosi ya Utando. Hasara ya mwaka huo kwa wavuvi na wafanya biashara wa mahali pale ilikadiriwa kuwa kama pauni milioni moja.

Mwani wa aina hii si uchafu wa macho tu. Baadhi yake hutoa sumu inayodhuru ini. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1989, katika ziwa la kutengenezwa liitwalo Rutland Water huko Uingereza, ambalo nalo hutiwa trauti kwa ajili ya wavuvi, kondoo na mbwa kadhaa walikufa kwa sumu ya mwani huo. Wazazi wote walielewa maana yake: kama mbwa amekufa, na mtoto aogeleaye je?

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Mwaka uliofuata Jumamosi ile ndio mwaka trauti wa upinde wa mvua walipoanza kutiwa. Ziwa lilikuwa likilia kwa ugonjwa, nalo likaongezewa wageni.

7. Dawa ya kweli, na kwa nini ilikawia

Hata hivyo tusidhani ya kuwa watu walikaa bure. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kazi isiyo na sifa, yaani kuziba milango mitatu tuliyoitaja. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 kiwanda cha sufu kiliacha kumwaga fosforasi yake. Katika miaka ya 1990 mitambo ya kusafishia maji machafu ya mji ilitengenezwa upya. Wakulima nao walianza kuacha kanda za majani kando ya vijito, zisilimwe wala kutiwa mbolea, ili zikamate udongo kabla haujaingia majini. Mwaka 1995 wapimaji walipohesabu tena, zile tani 20 zilikuwa zimeshuka mpaka kama tani 8. Mwaka 1999 wote wakaandika mpango mmoja wa bonde zima, wenye malengo yaliyo wazi: fosforasi isizidi maikrogramu 40 katika lita, na maji yawe meupe kiasi cha kuonekana kitu mpaka kina cha mita mbili na nusu.

Mtu angetazamia ya kuwa ziwa lingetakata mara moja. Halikutakata. Mwaka hata mwaka waliendelea kupima, na maji yalikuwa bado ya kijani. Wengine wakaanza kusema kazi yote ni bure.

Sababu ilikuwa chini, katika matope. Kwa miongo mingi ziwa lilikuwa limeweka akiba ya fosforasi katika tope lake. Maadamu tope lina hewa, madini ya chuma yaliyomo huishika fosforasi kama mkono uliofumbwa. Lakini wakati wa joto, mwani uliozama unapooza na hewa kwisha chini, mkono ule hufumbuka, na fosforasi ya miaka iliyopita hupanda tena majini kulisha mwani mpya. Hivyo ziwa lilikuwa likijilisha lenyewe uchafu wa zamani, hata baada ya watu kuacha kuliletea mpya.

Hakuna aliyeweza kulikimbiza jambo hilo. Ilibidi kungoja huku milango ikibaki imefungwa, ili kila mwaka kiasi fulani kichukuliwe na mto unaotoka na kiasi kingine kizikwe chini zaidi. Ilikuwa karibu miaka 20 tangu kiwanda kuacha ndipo maji yalipobadilika kweli. Kufikia mwaka 2008 mimea yenye mizizi ilikuwa ikiota mpaka kina cha mita 4 na zaidi, mahali ambapo zamani ilikoma kwenye mita moja na nusu. Nuru ilikuwa imeshuka chini tena.

Na wale trauti? Trauti wa upinde wa mvua aliachwa mwaka 2004, na kupandikiza trauti wa kahawia nako kukakoma baada ya hapo. Ziwa likaachiwa samaki wake lenyewe, wazaliwa wa vijito vyake. Hawafikii wingi wa mwaka 1960, lakini huzaliwa humo na kukua humo bila kuletwa kwa ndoo.

8. Je, ziwa limepona?

Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwa kumaliza hadithi kwa shangwe. Ziwa limepata nafuu kubwa, lakini afya yake ni ya mtu aliyeugua sana: yahitaji uangalizi. Tope bado lina akiba. Bata bukini na mashamba bado huongeza fosforasi kidogo kidogo. Nayo hali ya hewa inabadilika. Maji ya joto hushika hewa kidogo, na mvua za ghafula hushusha udongo mwingi kwa siku moja. Majira mengine ya joto mwani hurudi, na watu huonywa wasiache mbwa na watoto kugusa maji. Wale wanaopima hawakuacha kupima, na kwa sababu hiyo hujua mapema.

9. Twajifunza nini sisi?

Turudi sasa Nyandarua. Maji yetu hayana kiwanda cha sufu, lakini yana milango yake. Tuna viwanda vya kahawa ambavyo maji ya kuoshea yakiachwa hutiririka mtoni. Tuna ng'ombe wa maziwa na samadi yao. Tuna mbolea ya chumvichumvi tunayoitia chai na viazi siku moja kabla ya mvua. Tuna vyoo vilivyochimbwa karibu na kijito kwa sababu udongo wa pale ni mwororo. Na tuna mashamba ya mteremko yanayolimwa mpaka maji yanapogusa jembe.

Tena tuna mabwawa. Vikundi vingi vya akina mama na vya vijana vimechimba mabwawa ya samaki, na samaki wakifa jambo la kwanza hufikiriwa ni kwenda kununua vifaranga wengine. Somo la Loch Leven lasema: kabla ya kununua vifaranga, panda juu ukaangalie maji yatokako.

Hatuhitaji mashine ya bei kubwa. Mwaka 1865 padre mmoja wa Kiitalia, Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota, alipima weupe wa maji ya bahari kwa kuteremsha kisahani cheupe kwa kamba na kuangalia kinapotelea wapi. Mpaka leo wataalamu wa maziwa hutumia kipimo hicho. Kikundi chochote kinaweza kufanya hivi:

(a) Chukueni sahani nyeupe ya bati, mtoboe matundu matatu, mfunge kamba yenye fundo kila sentimita 10, na jiwe chini yake. Iteremsheni bwawani mchana, jua likiwa juu. Andikeni fundo ambalo sahani hutoweka. Rudieni kila mwezi mahali pale pale. Hesabu ya siku moja haisemi mengi, ila hesabu za mwaka mzima husema.

(b) Katika kijito, geuzeni jiwe taratibu. Mkikuta mabuu ya namna nyingi yanayokimbia upande wa chini wa jiwe, maji yana hewa. Mkikuta utelezi wa kijani na minyoo myekundu tu, ulizeni kuna nini juu.

(c) Maji yakitanda utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, msinyweshe mifugo hapo wala msiwaache watoto kuoga, mpaka utando uishe.

(d) Acheni ukanda wa majani usiolimwa kando ya kijito. Hata hatua tano ni bora kuliko hakuna. Majani yake yaweza kukatwa kuwa chakula cha ng'ombe, kwa hiyo mwenye shamba hapotezi kila kitu.

Jambo la mwisho ni subira. Ikiwa tutaanza leo, huenda tusione matunda mwaka huu wala mwaka ujao, nasi tutapata wa kutuambia ya kuwa tunajisumbua bure. Tukumbuke watu wa Kinross, waliofunga milango na kungoja karibu miaka 20. Baadhi ya walioanza kazi ile hawakuishi kuuona mmea ukiota katika kina cha mita nne. Lakini mmea uliota.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini samaki walipandikizwa Loch Leven, na kwa nini hilo halikuliponya ziwa?
2. Tajeni milango mitatu iliyoingiza fosforasi. Ni ipi kati ya hiyo iliyo wazi katika kijito cha karibu nanyi?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kazi ya dafnia.
4. Kwa nini maji hayakutakata mara tu kiwanda kilipoacha kumwaga uchafu wake?
5. Jirani wa juu akilima mpaka ukingoni mwa mto, na jirani wa chini ana bwawa la samaki, ni nani aende kuzungumza naye, na aanze kwa maneno gani?
6. Kikundi chenu chaweza kupima nini kila mwezi kwa mwaka mmoja, na nani atatunza daftari?

Vikundi vitakavyopima maji yao kwa sahani na kamba vituletee hesabu zao. Tutafurahi kuzichapa katika ukurasa huu.